Kitabu Kilichochapisha Mfumo Mzima

Vitabu vingi vya mifumo endeshi, yaani programu zinazosimamia kompyuta na programu nyingine zote, humweleza msomaji jinsi mfumo unavyopaswa kufanya kazi, kisha humtaka aamini. Operating Systems: Design and Implementation, kitabu cha Andrew S. Tanenbaum kilichotolewa na Prentice-Hall mwaka 1987, hakiombi imani hiyo. Kinaeleza nadharia, kinaeleza mfumo mmoja halisi uliojengwa juu ya nadharia hiyo, kisha kinachapisha takriban mistari 12,000 ya msimbo wa mfumo wenyewe, yenye namba pembeni, ili kila dai la mwandishi liweze kufuatwa hadi mahali linapotendeka. Mfumo huo unaitwa MINIX. Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi, na kila ninapokifungua tena nazidi kushawishika kwamba somo hili halina ufundishaji bora kuliko kumpa mwanafunzi mfumo kamili ambao mtu mmoja anaweza kuusoma mpaka ukaisha.

Msukumo wa kukiandika ulitoka kwenye sheria zaidi kuliko kwenye taaluma. Katikati ya miaka ya 1970, UNIX, mfumo endeshi wa kampuni ya AT&T, ilikuwa ikisambaa katika vyuo vikuu pamoja na msimbo wake, na John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, nchini Australia, aliwaandalia wanafunzi wake msimbo wa toleo la sita pamoja na ufafanuzi wake. Mwaka 1979 likaja toleo la saba, likiwa na leseni ya AT&T iliyozuia msimbo huo kusomeshwa darasani. Ufafanuzi wa Lions ukabaki ukipita mkono kwa mkono kama nakala za fotokopi hadi ulipochapishwa rasmi mwaka 1996, na walimu wengi wakarudi kwenye nadharia tupu: kanuni za kupanga zamu, kanuni za kubadilisha kurasa za kumbukumbu, michoro ya miduara na mishale. Tanenbaum, aliyekuwa akifundisha Vrije Universiteit mjini Amsterdam, hakuridhika na hali hiyo. Aliandika mfumo wake tangu mwanzo, usio na mstari hata mmoja wa AT&T, ambao machoni pa mtumiaji ungefanana na toleo la saba la UNIX, na ambao ungeendeshwa na IBM PC, yaani mashine ambayo mwanafunzi angeweza kuimiliki na kuifanyia majaribio bila kumwomba mtu ruhusa.

Mpangilio wa kitabu ndio unaobeba uzito wake. Baada ya utangulizi kuna sura nne kubwa: michakato, vifaa vya kuingiza na kutoa data, kumbukumbu, na mfumo wa faili. Kila sura huanza na nadharia inayofaa mfumo wowote, hushuka kwenye muhtasari wa jinsi MINIX inavyolitatua tatizo husika, kisha hushuka tena hadi kwenye msimbo, faili moja baada ya nyingine. Mwandishi anayeandika hivyo amejifunga mwenyewe. Akisema mwanzoni mwa sura kwamba jambo fulani ni rahisi, msomaji atafika mwisho wa sura akiwa na swali hilo mkononi, na kama urahisi uliotajwa haumo katika msimbo, utaonekana haumo. Ninaamini ndiyo maana lugha ya kitabu imetulia kiasi kile: hakuna dai kubwa linaloachwa likielea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika sura ya michakato. Chukua michakato miwili, yaani programu mbili zilizo katikati ya kuendeshwa, inayotumia bafa moja, yaani eneo la kumbukumbu lenye nafasi za kuwekea vitu kwa muda. Mmoja ni mzalishaji, anayeweka vitu ndani ya bafa. Mwingine ni mlaji, anayevitoa. Kati yao kuna kigezo kimoja kinachohifadhi idadi ya vitu vilivyomo. Mlaji akikuta idadi ni sifuri, analala. Mzalishaji akiweka kitu na kuona idadi imefika moja, anajua kwamba bafa ilikuwa tupu, kwa hiyo anamwamsha mlaji. Bafa ikijaa, mzalishaji ndiye anayelala, naye ataamshwa pale nafasi ya kwanza itakapopatikana. Ukiisoma programu hiyo kwa haraka utaona haina kasoro, na ukiiendesha inaweza kwenda vizuri kwa muda mrefu sana.

Sasa itazame kwa karibu. Mlaji anaisoma idadi, anapata sifuri, na kabla hajalala mfumo unamnyang'anya zamu na kumpa mzalishaji. Mzalishaji anaweka kitu, idadi inakuwa moja, anatoa wito wa kuamsha. Lakini mlaji bado hajalala, hivyo wito huo unaanguka patupu. Zamu inamrudia mlaji, naye anaendelea na ile sifuri aliyoisoma mwanzo, anaamua kwamba bafa ni tupu, analala. Mzalishaji anaendelea kuweka vitu mpaka bafa inajaa, naye analala akisubiri nafasi. Tangu hapo wote wawili wamelala, kila mmoja akimsubiri mwenzake, na hakuna atakayeamka. Hakuna mstari wa programu ulio na kosa ukiusoma peke yake. Kosa limo katika pengo lililopo kati ya mstari mmoja na unaofuata, na pengo hilo halionekani kwenye karatasi mpaka mtu akufundishe kulitafuta.

Dawa ambayo kitabu kinaitoa kwanza ni semafori, wazo la mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra la mwaka 1965: namba ambayo kuishusha na kuipandisha ni vitendo visivyogawanyika, na ambayo inakumbuka kila wito wa kuamsha uliotolewa kabla mtu hajalala. Kwa tatizo la bafa zinahitajika semafori tatu. Moja inahesabu nafasi tupu, ya pili inahesabu nafasi zilizojaa, na ya tatu inahakikisha kwamba ni mchakato mmoja tu unaoigusa bafa kwa wakati mmoja. Kisha kitabu kinaonyesha kwamba mzalishaji akizishusha semafori zake kwa mpangilio wa kinyume, yaani akaifunga bafa kwanza ndipo atafute nafasi tupu, siku bafa itakapojaa atakwama akiwa bado ameshikilia ufunguo, na mlaji hataweza kuingia kuitoa hata nafasi moja. Mistari miwili imebadilishana nafasi, mfumo mzima umesimama. Msomaji aliyekaa na ukurasa huo mpaka ukamwingia amepata jambo ambalo hata miaka ya kuandika programu za kawaida inaweza isimpe.

Kitabu kinachoishia kwenye nadharia kingefunga mjadala hapo. Hiki kinaendelea, na ndipo utajiri wake unapojitokeza. MINIX haitumii semafori kuunganisha sehemu zake. Inatumia ujumbe wa ukubwa maalumu, unaopelekwa kwa kanuni ya kukutana: anayetuma akimkuta anayepokea hajawa tayari, anazuiwa hadi apokelewe, kwa hiyo hakuna ujumbe unaohifadhiwa njiani wala unaopotea. Je, tatizo la wito unaopotea limekwisha? Baina ya michakato, ndiyo. Lakini kifaa kama diski hakiwezi kuzuiwa kikasubiri. Diski ikimaliza kazi yake inapiga ishara ya kukatiza, inayokifanya kichakataji kiache kwa muda kinachofanya, na ishara hiyo inafika iwe kazi (yaani programu ndogo ya mfumo) inayosimamia diski iko tayari kupokea au imeshughulika na jambo jingine. Ukiufuata msimbo wa kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, utaikuta sehemu inayogeuza ishara ya kukatiza kuwa ujumbe, na ndani yake kuna tahadhari ndogo: mpokeaji asipokuwa tayari, kiini kinaweka alama kwamba kuna ishara inayosubiri, ili ipelekwe baadaye. Ni tatizo lilelile la mlaji na mzalishaji, limejitokeza kwenye mpaka wa mashine na programu, na limetatuliwa kwa kumbukumbu ndogo kabisa. Kitabu hakilipigii ngoma jambo hili. Msomaji analigundua mwenyewe kwa sababu msimbo uko mbele yake, na kwangu mimi ugunduzi wa namna hiyo ndio elimu yenyewe.

Ufuate pia mwendo wa ombi moja la kusoma faili. Programu ya mtumiaji inaita huduma ya kusoma. Maktaba inaligeuza ombi hilo kuwa ujumbe na kuupeleka kwa seva ya faili, ambayo ni mchakato wa kujitegemea ulio nje ya kiini. Seva ya faili inatafuta bloku, yaani kipande cha data cha diski, inayohitajika katika hifadhi yake ya muda, na isipoipata inatuma ujumbe kwa kazi ya diski. Kazi ya diski inaiagiza mashine na kusubiri, mashine inakatiza, kiini kinatoa ujumbe, kazi ya diski inajibu. Seva ya faili inaiomba kazi ya mfumo iinakili data hiyo hadi kwenye eneo la programu iliyoomba, inapata jibu, kisha nayo inaijibu programu. Hesabu jumbe zilizopita njiani utafika saba. Katika mfumo wenye kiini kimoja kikubwa, safari hiyo ingekuwa mfululizo wa taratibu zinazoitana ndani ya programu ileile. Hapo msomaji anaona kwa macho yake gharama ya muundo wa kiini kidogo, na anaona pia faida yake: kila sehemu inaweza kusomwa peke yake, kwa maana kinachoingia na kinachotoka ni ujumbe tu.

Sura ya mfumo wa faili ni ndefu, na ni ya kustarehesha kwa mtu anayependa vitu vinavyoweza kupimwa. Kila faili ina inodi, yaani rekodi ya maelezo yake, ya baiti 32. Ndani yake mna namba saba zinazoelekeza moja kwa moja kwenye sehemu za mwanzo za faili, namba moja ya bloku iliyojaa namba nyingine, na namba moja ya bloku iliyojaa namba za bloku za aina hiyo. Bloku ni kilobaiti 1 na kila namba ni baiti 2, kwa hiyo bloku moja inabeba namba 512. Ukipiga hesabu utaona njia hizo tatu zingeweza kufikia sehemu 262,663, yaani zaidi ya megabaiti 256; lakini namba ya baiti 2 haiwezi kutofautisha zaidi ya sehemu 65,536, na kwa hiyo diski nzima inaishia megabaiti 64. Kila ingizo la saraka ni baiti 16: mbili za namba ya inodi, 14 za jina. Kufuta jina ni kuandika sifuri pale ilipokuwa namba ya inodi. Nakumbuka nilivyofurahi nilipolielewa hilo, kwa sababu saraka, ambayo kila mtumiaji huiona kama kitu cha pekee, ilikuwa imekuwa faili ya kawaida yenye safu za baiti 16. Mipaka hiyo, ya jina la herufi 14 na diski ya megabaiti 64, iliifuata pia Linux, mfumo endeshi mwingine, katika siku zake za mwanzo, kwa kuwa ilianza kwa kutumia mfumo wa faili wa MINIX, hadi mwaka 1992 ilipopata mfumo wake wa kwanza wa ext.

Si kila sura ina kina hicho. Sura ya kumbukumbu inaeleza vizuri kumbukumbu pepe (inayoipa programu nafasi kubwa kuliko kumbukumbu halisi), ubadilishaji wa kurasa (vipande vya kumbukumbu vinavyohamishwa kati yake na diski) na ajabu aliyoionyesha mtafiti Belady mwaka 1969, kwamba chini ya kanuni ya kuondoa ukurasa uliotangulia kuingia, kuongeza nafasi kunaweza kuongeza idadi ya makosa ya kurasa, yaani mara ambazo ukurasa unaohitajika haumo katika kumbukumbu. Lakini MINIX ya toleo la kwanza haifanyi lolote kati ya hayo. Kichakataji cha 8088 cha IBM PC hakikuwa na vifaa vya kurasa, na mfumo unaipa kila programu kipande chake cha kumbukumbu inapozaliwa au inapobadilishwa, kwa kuchagua tundu la kwanza linalotosha, na ukubwa huo haubadiliki tena. Nadharia na msimbo vinaachana njiani, na msomaji anayetaka kuona kurasa zikibadilishwa kwa vitendo lazima aende kwingine. Hata hivyo mwandishi anasema wazi kwamba ameuchagua urahisi. Vivyo hivyo kuhusu mkwamo, yaani michakato kusubiriana bila mwisho: baada ya kurasa nyingi juu ya namna ya kuutambua na kuuzuia, pamoja na kanuni ya mwenye benki ya Dijkstra, anakiri kwamba MINIX, kama UNIX, hulipuuza tatizo hilo, njia ambayo kitabu kinaiita kanuni ya mbuni, yule ndege anayesemekana kuficha kichwa mchangani. Napenda ukweli wa aina hiyo katika kitabu cha kiada.

Haiwezekani kukizungumzia kitabu hiki bila kumtaja Linus Torvalds. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikisoma, mwaka 1991 akaiweka MINIX kwenye kompyuta yake yenye kichakataji cha 386, na mwaka huohuo akatoa toleo la kwanza la Linux. Januari 1992 Tanenbaum aliandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati, kwa kuwa ilijengwa kwa kiini kimoja kikubwa na ilifungwa kwenye kichakataji cha aina moja. Torvalds alijibu kwa ukali, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba mfumo wa faili wa MINIX ulihudumia ombi moja tu kwa wakati. Wengi husimulia mabishano hayo kama pambano la kutafuta mshindi, na huo ni usomaji mfinyu. Aliyekipitia kitabu anajua kwamba kasoro aliyoitaja Torvalds ni ya kweli na inaonekana katika mzunguko mkuu wa seva ya faili, unaopokea ujumbe, unaufanyia kazi, unajibu, ndipo unarudi kupokea mwingine. Anajua pia kwamba ni mzunguko huohuo unaoifanya seva hiyo isomeke na mtu anayejifunza. Tanenbaum alikuwa akijenga kitu cha kufundishia, Torvalds alikuwa akijenga kitu cha kutumia, na kila mmoja alilipa gharama ya uamuzi wake.

Katika jambo moja naona ukosoaji unaostahili ni tofauti na uliozoeleka. Kitabu cha kwanza kinazisifu faida za kutenganisha sehemu za mfumo, ilhali kazi zinazosimamia vifaa ziliunganishwa ndani ya programu moja na kiini, na 8088 haikuwa na uwezo wa kumzuia mtu kuvuka mpaka wa kumbukumbu ya mwenzake. Utengano ulikuwa wa muundo, mashine haikuulinda. Utengano wa kweli ulikuja na MINIX 3 ya mwaka 2005, iliyoelezwa katika toleo la tatu la kitabu la mwaka 2006, ambalo kama lile la pili la mwaka 1997 liliandikwa kwa kushirikiana na Albert S. Woodhull. Humo viendeshi vya vifaa vimetolewa nje ya kiini na kuwa michakato ya kawaida, na kuna seva maalumu inayoviangalia na kukifufua kiendeshi kinachokufa. Nadharia iliyotangazwa mwaka 1987 ilipata ushahidi wake karibu miongo miwili baadaye, katika kitabu kilekile.

Anayetaka kukisoma leo anaweza kuupata mfumo wenyewe bila malipo, kwani tangu mwaka 2000 MINIX iko chini ya leseni huria ya BSD. Ningemshauri achukue toleo la tatu kwa ajili ya mazoezi, na kama ataweza kulipata la kwanza, alisome kwa ajili ya udogo wake. Asianze na sehemu ya kiini iliyoandikwa kwa asembli, lugha iliyo karibu sana na ile ya mashine, ambayo humvunja moyo mtu asiyeizoea. Aanze na saa, ambayo katika toleo la kwanza imo katika sura ya vifaa. Ni kifaa rahisi kuliko vyote: katika toleo la kwanza hukatiza mara 60 kwa sekunde na hakina data ya kubeba. Lakini katika kurasa chache za msimbo wake vimo vyote vinavyohitajika: ishara inafika, ujumbe unatoka, hesabu ya muda inasogea, na mchakato wa mtumiaji uliokwisha kutumia milisekunde zake 100 unaondolewa ili mwenzake apate zamu. Kutoka hapo aende kwenye msimbo unaochagua nani afuate, ambao katika toleo hilo ni foleni tatu tu: ya kazi za vifaa, ya seva, na ya programu za watumiaji.